Sikio, Tumbo na Kisu: Nadharia ya Kuhara kwa Watoto Wachanga katika Karne ya 20

Historia ya utabibu husimuliwa mara nyingi kama safari ya ushindi: mtaalamu mmoja avumbua kijidudu, mwingine avumbua dawa, na maradhi yatoweka. Makosa hutajwa kwa haraka, na yale yaliyofanywa na watu wenye elimu kubwa huachwa kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa nadharia moja iliyopata nguvu katika hospitali kadhaa za Marekani na za Ufaransa kuanzia miaka ya 1920, nadharia iliyodai kwamba kuhara kukali kwa mtoto mchanga hakuanzii tumboni, bali kwaanzia sikioni. Kwa kuifuata, watoto wenye umri wa miezi michache, waliokwisha kukauka kwa kupotewa na maji, walipelekwa katika chumba cha upasuaji wakafunguliwa mfupa ulio nyuma ya sikio ili usaha utoke. Baadhi walipona, wengine walikufa, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika kama kisu kilikuwa na sehemu yoyote katika matokeo hayo.

Ili kuelewa jinsi fikira hiyo ilivyozaliwa, yafaa kuanza na maradhi yenyewe. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19, kila majira ya joto yalipofika, watoto wachanga walikufa kwa wingi kwa kuhara na kutapika. Madaktari wa Marekani waliyaita maradhi hayo kipindupindu cha watoto, ingawa hayakuwa kipindupindu. Mtoto aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kuwa na macho yaliyozama na utosi uliobonyea kabla ya usiku kuingia. Waliokufa zaidi ni wale walionyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa chupa; watoto walionyonya maziwa ya mama waliokoka mara nyingi. Kutokana na jambo hilo, lililoonekana na kila mtu, juhudi za kwanza zilielekezwa kwenye maziwa. Mwaka 1893 tajiri Nathan Straus alifungua huko New York kituo cha kugawa maziwa yaliyochemshwa kwa namna ya Pasteur, na mwaka 1894 daktari Léon Dufour alianzisha huko Fécamp, Ufaransa, kazi iliyojulikana kwa jina la Tone la Maziwa, ambayo iliigwa baadaye katika nchi nyingi.

Maziwa safi yalipunguza vifo, lakini hayakueleza maradhi. Tangu mwaka 1885 Theodor Escherich alikuwa amekwisha kueleza bakteria inayokaa katika matumbo ya watoto, ile iliyopewa baadaye jina lake. Shida ni kwamba bakteria hiyo ilikutwa kwa mtoto mgonjwa na kwa mtoto mzima vilevile. Mchunguzi aliyetazama kinyesi cha mtoto anayehara aliona vijidudu vingi mno, na hakuwa na njia ya kutenga mwenye hatia na asiye na hatia. Watoto wengi wakafa bila ya kijidudu chochote cha kushukiwa kuonekana. Pengo hilo ndilo lililofungua mlango kwa nadharia nyingine.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kisa hiki hakiwezi kusimuliwa bila yeye. William McKim Marriott alikuwa mkemia kwanza, daktari wa watoto baadaye. Akifanya kazi huko Baltimore pamoja na John Howland, alipima damu ya watoto wenye kuhara kukali, kazi ngumu wakati ule kwa kuwa vipimo vilihitaji damu nyingi kuliko ile ambayo mtoto mchanga angeweza kutoa bila madhara. Mwaka 1916 wawili hao walitangaza kwamba damu ya watoto hao ilikuwa imepungukiwa na bikaboneti, na kwamba kule kuhema kwa nguvu kulikoonekana kwa mtoto aliye karibu na kufa kulikuwa ni juhudi ya mwili kupambana na asidi iliyozidi. Kwa maneno mengine, walionyesha kwamba kuhara huua kwa kile kinachotoka: maji, chumvi na bikaboneti. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, na unabaki kuwa wa kweli hadi leo.

Mwaka 1917 Marriott alihamia St. Louis kuwa profesa wa magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 1923 akawa mkuu wa kitivo cha utabibu. Ni katika mji huo alipogeuza macho kutoka kwenye damu akayapeleka sikioni. Swali lililomsumbua lilikuwa la haki: ikiwa kuhara kwaua kwa kupoteza maji, basi kuhara kwenyewe kwaletwa na nini, hasa kwa mtoto ambaye maziwa yake ni safi na ambaye kinyesi chake hakionyeshi kijidudu cha kulaumiwa? Wanafunzi wa utabibu walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba maambukizi yaliyo mbali na tumbo, kama vile ya mapafu au ya koo, huweza kumfanya mtoto ahare. Kutoka hapo hadi sikioni hapakuwa mbali.

Sikio la mtoto mchanga lina umbo linalosaidia fikira kama hiyo. Mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati ni mfupi kwake, mpana, na umelala karibu sawa na ardhi, tofauti na ule wa mtu mzima ulioinama. Mtoto anayetapika akiwa amelala chali aweza kwa urahisi kupitisha makamasi na maziwa hadi sikioni. Nyuma ya sikio la kati kuna kishimo kidogo ndani ya mfupa wa mastoidi, kilichopo tangu kuzaliwa, na usaha ukishajaa sikioni huingia humo. Tena haikuwa habari mpya kwamba masikio ya watoto waliokufa huwa na usaha: katika karne ya 19 Anton von Tröltsch, mtaalamu wa masikio wa Würzburg huko Ujerumani, alikuwa ameshangazwa na wingi wa usaha aliouona kila alipofungua masikio ya maiti za watoto wachanga.

Madaktari wa St. Louis walifungua nao maiti, wakaona yale yale. Kisha wakawatazama walio hai. Kiwambo cha sikio cha mtoto mwenye kuhara mara nyingine kilikuwa kimepoteza mng'ao wake, hakikuwa chekundu, hakikuvimba. Wakasema maambukizi yamejificha. Walitoboa kiwambo, na pale ambapo hali haikubadilika, mpasuaji alifungua mfupa. Baadhi ya watoto walibadilika katika muda wa saa chache: kutapika kulikoma, rangi ilirudi, uzito ulianza kupanda. Mwaka 1926 Philip Jeans, aliyekuwa amefanya kazi St. Louis kabla ya kwenda Iowa, alitoa pamoja na mwenzake Floyd makala katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, wakiyataja maambukizi ya njia ya juu ya hewa kuwa chanzo cha kile kipindupindu cha watoto. Kutoka hapo upasuaji ulienea katika hospitali nyingine.

Huko Ufaransa fikira hiyo ilipata makao imara zaidi. Madaktari wa Kifaransa walikuwa na neno lao, toksikozi, kwa ile hali ya mtoto mchanga anayehara, aliyekauka, mwenye homa na macho yanayotazama mbali bila kuona. Kwa kuwa jina lenyewe lilidokeza sumu, ilibidi kutafuta kisima cha sumu, na wengi walikiona katika kishimo cha mastoidi. Ugonjwa uliitwa oto-antriti iliyojificha. Katika miaka ya 1950 vitabu vya Kifaransa vya magonjwa ya watoto vilikuwa bado vikijadili ni wakati gani inafaa kufungua mifupa yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Yafaa kukumbuka kwamba utabibu wa Kifaransa ulikuwa chemchemi ya elimu kwa madaktari wengi waliofanya kazi katika makoloni ya Afrika, na mabishano ya Paris hayakubaki Paris.

Si haki kuwacheka watu hao. Walikuwa na mtoto anayekufa mbele yao, hawakuwa na dawa, na usaha walioutoa ulikuwa usaha wa kweli. Hata hivyo kasoro za hoja yao zinaonekana wazi kwa anayezitazama leo, na ya kwanza ni ile ya maiti. Ni kweli kwamba watoto waliokufa kwa kuhara walikuwa na usaha masikioni. Lakini hata waliokufa kwa nimonia walikuwa nao, na waliokufa kwa surua, na waliokufa kwa udhaifu tu wa kuzaliwa kabla ya wakati. Mtoto anayelala chali siku nyingi, anayetapika, ambaye kinga yake imeshuka, hupata usaha sikioni kwa sababu ni mgonjwa. Kile kilichodhaniwa kuwa mzazi wa maradhi kilikuwa mtoto wake. Von Tröltsch mwenyewe, bila kujua, alikuwa ameacha onyo, kwa sababu maiti alizozifungua hazikuwa za watoto wa aina moja ya maradhi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mtoto aliyepelekwa kupasuliwa hakupata kisu peke yake. Kabla ya upasuaji na baada yake alipewa maji ya chumvi na sukari kwa sindano, chini ya ngozi au katika mshipa, na mara nyingine aliongezewa damu. Muuguzi alikaa karibu naye usiku kucha. Mtoto asiyepasuliwa hakupata uangalizi huo kila mara. Pia wale waliokuwa taabani mno hawakupelekwa, kwa hofu kwamba wasingevumilia. Kwa hiyo watoto waliopasuliwa walikuwa, tangu mwanzo, wenye nafasi kubwa zaidi ya kupona na wenye maji zaidi mwilini. Hapa pana kejeli chungu ya historia: mtu aliyesaidia kuonyesha mwaka 1916 kwamba mtoto hufa kwa kupoteza maji na chumvi ndiye aliyeongoza wenzake kuipa sifa ya uponyaji tundu lililo nyuma ya sikio, huku maji yakitiririka polepole katika mshipa wa mtoto huyo huyo. Marriott alifariki mwaka 1936, nadharia yake ikiwa bado ina nguvu.

Walikuwapo madaktari waliopinga tangu mapema. Walisema kwamba katika wadi zao watoto walipona bila ya upasuaji, na kwamba vifo havikutofautiana. Lakini kila hospitali ilizungumza juu ya wagonjwa wake, wa mwaka wake, wa mtaa wake, na majibu yalikuwa rahisi: ninyi hamkuona usaha kwa sababu hamkujua kuutafuta. Njia ya kuwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, moja lipewe tiba na jingine lisipewe, ilikuwa haijawa desturi. Jaribio la dawa ya streptomisini kwa kifua kikuu, lililoendeshwa na Baraza la Utafiti wa Utabibu la Uingereza na kutangazwa mwaka 1948, ndilo linalotajwa kwa kawaida kuwa lililoimarisha njia hiyo. Upasuaji wa mastoidi kwa ajili ya kuhara haukupata kupitia mzani wa namna hiyo, na kila upande ulibaki na wadi yake ya kuitolea ushahidi.

Jambo hili halikuwa la wataalamu wa karne ya 20 peke yao. Karne nyingi kabla ya hapo, Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa wafalme wa Ufaransa, alishauri kuchanja fizi za mtoto anayeota meno, na desturi hiyo iliendelea mikononi mwa madaktari wa Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa meno yalilaumiwa kwa homa, degedege na kuhara. Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Tangu miaka ya 1980 taarifa za hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda zimetaja watoto wachanga waliong'olewa vijidudu vya meno ya chonge kabla hayajatoka. Mtoto anapohara na kupata homa, huonekana uvimbe mweupe katika ufizi; uvimbe huo ni jino changa la kawaida, lakini huitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, na hung'olewa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Watoto wamekufa kwa damu kutoka na kwa kuoza kidonda. Madaktari wanaoilaani desturi hiyo, na wana haki ya kuilaani, huwa hawajui kwamba babu zao katika taaluma walifanya jambo la jamii moja nayo, wakiwa wamevaa glavu na wakiwa na taa nzuri.

Utosi nao umekuwa na historia yake. Katika lugha nyingi za Afrika Mashariki na ya Kusini, kubonyea kwa utosi wa mtoto huhesabiwa kuwa ugonjwa wenye jina lake. Washona wa Zimbabwe huuita nhova. Tiba huwekwa pale pale panapoonekana shimo. Katika Kiswahili neno mchango limebeba mzigo mpana wa maradhi ya tumbo, kuanzia minyoo hadi maumivu yasiyo na sababu inayojulikana, na kuhara kwa mtoto kumehesabiwa mara nyingine kuwa mojawapo ya njia za mchango kujitokeza. Mwanafunzi wa lugha ataona kwamba majina hayo hayatokani na ujinga wa kutazama. Kinyume chake, mama aliyesema utosi umezama aliona dalili ambayo daktari wa leo huitafuta kwa kidole, yaani kwamba maji yamepungua mwilini. Kilichokosekana ni kiungo kati ya shimo la kichwani na chupa ya maji.

Nadharia ya sikio haikuangushwa na hoja moja, ilichakaa. Dawa za salfa zilipoingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, na penisilini katika miaka ya 1940, usaha wa masikio ulianza kutibika bila kisu, na upasuaji wa mastoidi wa kila aina ukapungua. Iwapo sikio ndilo lililokuwa chanzo, kuhara nako kungetoweka kwa kuponywa kwa masikio. Hakukutoweka. Wakati huo huo tumbo lenyewe lilianza kusema. Mwaka 1945 John Bray, akichunguza watoto wenye kuhara katika hospitali ya Hillingdon, pembeni mwa London, alionyesha kwamba kuna aina maalumu ya bakteria ya Escherich inayokutwa kwa wagonjwa na ambayo ni nadra kwa watoto wazima. Daniel Darrow wa Chuo Kikuu cha Yale naye alionyesha katika miaka hiyo hiyo kwamba mtoto anayehara hupoteza potasiamu nyingi, na kwamba kuirudisha pamoja na maji na chumvi huwaokoa wengi ambao hapo awali walikufa hata baada ya kupewa maji. Kazi ya Howland na Marriott ya mwaka 1916 ilipata hatimaye warithi wake.

Bado palikuwa na watoto wengi ambao hakuna bakteria yoyote iliyoweza kulaumiwa. Huko Baltimore, mwaka 1943, Jacob Light na Horace Hodes walichuja kinyesi cha watoto waliohara, wakapata kitu kidogo kuliko bakteria kilichoweza kuwaharisha ndama. Hawakuwa na chombo cha kukiona. Jibu lilikuja miaka 30 baadaye, huko Melbourne, Australia. Mwaka 1973 Ruth Bishop na wenzake, Geoffrey Davidson, Ian Holmes na Brian Ruck, walichukua vipande vidogo vya utando wa utumbo wa watoto 9 waliolazwa kwa kuhara kusikotokana na bakteria, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Kwa watoto 6 waliona chembe za virusi ndani ya seli za utumbo. Thomas Flewett wa Birmingham, Uingereza, aliyeona umbo la gurudumu katika chembe hizo, ndiye aliyependekeza jina la rotavirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu. Sampuli ya Light na Hodes, iliyokuwa imehifadhiwa muda wote huo, ilipotazamwa tena ilikutwa kuwa virusi vya aina hiyo hiyo.

Tazama tofauti iliyopo kati ya utafiti huo na ule wa St. Louis. Wachunguzi wa Melbourne walitazama mahali penyewe panapougua, kwa mtoto aliye hai, wakati wa ugonjwa, na walirudi kutazama tena baada ya mtoto kupona, chembe zikiwa zimeondoka. Hawakuhitaji kuwazia maambukizi yaliyojificha.

Matibabu hayakungoja virusi vijulikane. Tangu mwaka 1832, wakati wa kipindupindu huko Uskoti, Thomas Latta alikuwa ameingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa na kuwaona wakifufuka mbele ya macho yake, kisha mbinu hiyo ikasahauliwa kwa miongo mingi. Jambo jipya la karne ya 20 lilikuwa kugundua kwamba maji yaweza kupita kinywani hata wakati wa kuhara. Mwaka 1960, katika mkutano huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumbo hupitisha sukari na sodiamu kwa mlango mmoja. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwa wagonjwa wa kipindupindu kwamba mchanganyiko wa maji, chumvi na glukosi unaonywewa hupunguza sana haja ya maji ya mshipani. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwatupa wakimbizi katika kambi ya Bangaon, upande wa India. Dilip Mahalanabis, maji ya mishipa yalipomwishia, alichanganya kwa kila lita ya maji gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za bikaboneti, akawapa ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha. Vifo katika kambi yake vilishuka hadi asilimia 3.6, mahali ambapo awali vilikaribia asilimia 30. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda uvumbuzi huo ndio maendeleo makubwa kuliko yote ya utabibu katika karne hiyo.

Kwa wasomaji wa Kongo, habari hizi si za nchi za mbali. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu, walivuka mpaka na kuingia Goma, nchi ikiitwa bado Zaire. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika, si kwa vyoo, si kwa makaburi. Maji ya Ziwa Kivu yalinywewa jinsi yalivyo. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi ya kuhara. Timu ya wataalamu kutoka kituo cha Dhaka, warithi wa kazi ya mwaka 1968, ilifika Goma, na taarifa waliyoitoa mwaka 1995 ilikuwa kali: katika vituo vya matibabu maji ya mshipani yalitiririka polepole mno, maji ya kunywa yalitumiwa kidogo mno, na wengi wa wahudumu hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu. Mwaka 1994, elimu ya kuwaokoa watu hao ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20, imeandikwa, imepimwa, na gharama yake ni ndogo. Ilikosekana katika mikono iliyokuwa karibu na mgonjwa.

Upande wa kinga, historia iliendelea kwa hatua zisizo sawa. Chanjo ya kwanza ya rotavirusi iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1998 na kuondolewa mwaka 1999, kwa kuwa ilihusishwa na kujikunja kwa utumbo kwa watoto wachache. Matokeo ya majaribio ya chanjo mbili nyingine, yaliyohusisha makumi ya maelfu ya watoto, yalitangazwa mwaka 2006, na mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri nchi zote ziitumie. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliiingiza katika ratiba yake ya chanjo mwaka 2019. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifo vya watoto wadogo kwa kuhara vilikadiriwa kupita milioni 4 kwa mwaka. Makadirio yaliyotolewa na Shirika hilo mwaka 2024 yanakaribia watoto 440,000 walio chini ya miaka 5.

Na sikio? Halikuachwa bila haki yake. Usaha wa sikio ni maradhi yenyewe, huziba usikivu wa mtoto katika miaka anayojifunza kusema, na katika nchi maskini huachwa ukitoka kwa miezi hadi kiwambo kitoboke. Mastoidi huweza kuambukizwa kweli, na uvimbe unaouma nyuma ya sikio ni alama ya kumpeleka mtoto hospitali bila kukawia. Tena ni kweli kwamba mtoto mwenye homa ya sikio huweza kuhara kidogo, na dawa anazopewa kwa sikio huweza kumharisha zaidi. Chembe hiyo ya ukweli ndiyo iliyoipa nadharia ya zamani maisha marefu.

Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walitoa mwongozo wa kuwahudumia watoto wagonjwa kwa pamoja, unaotumika katika vituo vya afya vya Kongo kwa jina lake la Kifaransa. Muuguzi mwenye karatasi hiyo humuuliza mama juu ya kikohozi, kisha juu ya kuhara, kisha homa, kisha sikio. Kwa kuhara, hutazama macho kama yamezama na kubana ngozi ya tumbo kuona kama inarudi polepole. Kwa sikio, huuliza kama kuna maumivu, hutazama kama kuna usaha, hugusa nyuma yake kutafuta uvimbe. Sikio na tumbo vimo katika ukurasa mmoja, kila kimoja na safu yake na tiba yake, wala hakuna mshale unaotoka kwenye kimoja kwenda kwenye kingine.